Ushungi wa Ineza

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu: nusu kidole ndani ya kopo. Tangu tulipokuwa wakimbizi kule Ulyankulu, Tanzania, ninapima mvua kwa kopo la maziwa ya unga nililoliweka juu ya kisiki, kisha ninaandika. Kule tulilima tumbaku na majirani walikuja kuniuliza. Hapa Rumonge, Burundi, hakuna anayeuliza, lakini mkono umezoea. Nilikimbia nchi hii nikiwa na miaka kumi na minne, nikarudi nikiwa na hamsini na mmoja. Nyumba nimebadilisha nyingi. Desturi ya daftari haijabadilika.

Ineza amekwenda kazini na ushungi. Si kitambaa cha kichwa tunachofunga sisi wanawake wa kanisani. Ni ushungi mweusi wa Waislamu, umebanwa kwa pini mpaka chini kabisa ya mdomo. Ineza ni mjukuu wangu, ana miaka ishirini na miwili, mtoto wa marehemu binti yangu. Tuko wawili tu nyumbani. Tangu Septemba anafundisha darasa la pili, kazi niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu.

Nimemuuliza kuhusu ushungi.

"Vumbi, Bibi," akasema.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Hakuna mvua. Ushungi tena.

Jumapili, 6 Oktoba

Ineza hakuja kanisani, yeye ambaye kwaya ilikuwa inamsubiri aanzishe wimbo. Baada ya misa Agnesi, anayepanga maua ya altare na kupanga maisha ya watu, alinishika mkono.

"Mwalimu, mutoto yako amegeuka? Iko anavaa kama batu ba kwa Mariyamu, jirani yenu Muislamu."

"Ana mafua," nikajibu.

"Mafua ya kichwa au ya moyo?" Akacheka peke yake.

Mvua: robo kidole.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepanga ishara zote kama nilivyokuwa nikipanga hesabu ubaoni. Ushungi. Kwaya ameiacha. Chakula anakigusa tu. Na Jamali, kijana wa Mariyamu jirani yetu, anayeendesha pikipiki, humwita Ineza kwa jina akipita, naye huinamisha uso. Jibu linaonekana. Sina ugomvi na dini ya mtu. Nimeishi na Waislamu huku na kule, wamenizikia mume. Kinachoniuma ni kwamba kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejiaibisha.

Nilimkuta Mariyamu uani akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya chandarua. Yeye huuza ndagala, na harusi ikikaribia ndiye anayewaandaa mabibi arusi wa mtaa wao: huwaogesha, huwasinga, huwatoa nywele za mwili kwa sukari na limau.

"Karibu, Mwalimu. Iko kiti pale."

Sikukaa. "Nimekuja kuuliza kama mnanichukulia mtoto."

"Nani anakuchukulia mutoto?"

"Jamali. Na ninyi mnamfundisha Ineza kuvaa. Ningeambiwa, angalau."

Aligeuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba. "Jamali! Kuja usikie, umeoa!"

Jamali akatokea, mikono imejaa grisi. "Nimeoa nani, Mama?"

"Ineza wa Mwalimu."

"Na mahari nilitoa lini? Hii pikipiki haina essence, hata tone ya petroli, tangu majuma tatu. Nitaenda kwa harusi na miguu?"

Alipoondoka huku akicheka, uso wa Mariyamu ulibadilika. "Ushungi iko ya Raisa, binti yangu mwenye aliolewa Kabonga. Ineza aliniomba, nikamupa. Kwa nini, uliza yeye. Mimi naandaa mabibi arusi hapa miaka makumi mbili, Mwalimu. Kitu naona kwa mwili ya mutoto wa mutu, inabaki kwa mukeka yangu."

Nilirudi na nafuu moyoni. Ilinichukua mpaka kwenye lango letu kulisikia vizuri lile neno lake. Ameona nini kwenye mwili wa Ineza?

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua vidole viwili. Ziwa limepanda tena. Safu ya mwisho ya michikichi upande wa pwani imesimama ndani ya maji.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mkuu wa shule amepita. Ineza hajaonekana darasani tangu Jumanne iliyopita. Lakini kila asubuhi nimemwona akitoka na mkoba na chaki zake. Anakwenda wapi?

Jumanne, 22 Oktoba

Nimepekua mkoba wake alipokuwa anaoga. Miaka thelathini niliwafundisha watoto wa watu wasifanye hivyo. Nimekuta nyembe tatu, moja ina kutu ya damu. Na karatasi ya gazeti iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya kijani visivyo na jina. Aliponikuta navyo mkononi, amejifunga khanga na ule ushungi juu yake, hata ndani ya nyumba, nilisema neno lililokuwa karibu.

"Una mimba?"

Alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Sijaona damu tangu Machi, Bibi, na sijalala na mtu yeyote. Hiyo mimba ni ya nani, ya ziwa?"

"Basi vidonge vya nini?"

"Vya kukausha mwili, nipungue. Nimevinunua sokoni Nyanza-Lac."

"Na nyembe?"

"Nirudishie mkoba wangu."

"Ineza, mwanangu, una nini?"

"Nina mimi," akasema. "Ndiyo ugonjwa wenyewe." Akafunga mlango wa chumba chake.

Vidonge nimevitupa chooni. Nyembe nimezifukia chini ya mgomba, kisha nikaona ujinga wangu: nyembe zinauzwa kila kioski.

Ijumaa, 1 Novemba

Amekula ndizi moja. Mvua kidole kimoja.

Jumapili, 3 Novemba

Mariyamu amekuja mwenyewe, mchana, mvua ikinyesha. Hakutaka chai.

"Leo navunja mudomo yangu," akasema, "maana naogopa."

Tangu Agosti Ineza alikuwa akienda kwake. Kidevu, mashavu mpaka karibu na masikio, mstari wa tumbo. Mariyamu akamtoa nywele kwa sukari na limau kama bibi arusi. Juma moja akarudi. Juma jingine akarudi tena, ngozi imeshachubuka, na Mariyamu akakataa. Ndipo akashika wembe. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, mtoto mmoja wa darasa la pili aliinua kidole katikati ya somo la kutoa. "Madamu," akasema, "kwa nini iko na ndevu kama papa yangu?" Darasa zima likacheka. Ineza naye akacheka, akamaliza somo, akafuta ubao. Jioni hiyo ndipo alipokuja kuomba ushungi. Na zile asubuhi za mkoba na chaki, alikuwa akikaa pwani chini ya michikichi mpaka shule itoke.

"Nilimuambia: mutu akijifunika kwa ajili ya Mungu, anapumua. Wewe unajifunika kwa ajili ya batoto ya miaka saba. Utakosa hewa." Akasimama. "Mwalimu, mimi nimeona wasichana wengi bila nguo. Huyu wako hajiangalii tena. Anaangalia ukuta."

Jumatatu, 4 Novemba

Hakuna mvua, na sina kazi ya kujificha nyuma yake. Niandike.

Mimi nina ndevu. Zilianza nikiwa na miaka kumi na minane, Ulyankulu, pamoja na damu iliyokuja mara mbili au tatu kwa mwaka. Mama yangu aliniletea kibano kidogo cha chuma, akanifundisha kung'oa moja moja kwenye mwanga wa dirisha. "Mumeo asijue," akasema. Hajajua mtu. Kila asubuhi, kwa miaka karibu hamsini, ninafunga mlango wa chumba dakika ishirini. Ineza anaamini ninasali rozari. Niliolewa na Wenceslaus, tukakaa miaka kumi na moja bila mtoto. Ndugu zake walimtafutia mwanamke mwingine, akawakatalia bila kelele. Kisha akaja binti mmoja, mama yake Ineza, halafu basi. Nilidhani ni adhabu. Ya nini, sikuwahi kujua.

Hayo ni mepesi kuandika. Hili ndilo zito: Ineza alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuja jikoni, akainua kidevu, akaniuliza, "Bibi, hizi ni nini?" Zilikuwa nywele nne au tano. Nilikuwa nakoroga maharage. Nikamwambia, "Acha kujitazama sana kwenye kioo. Hiyo ni dhambi ya kiburi." Asubuhi ileile kidevu changu kilikuwa bado kinauma kwa kibano.

Kesho nitamwambia.

Jumanne, 5 Novemba

Nilisimama mlangoni kwake. Nikazungumza kuhusu mafuta ya mawese, kwamba mwaka huu ni mekundu sana. "Ndiyo, Bibi," akasema.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua vidole viwili na nusu. Sikusema.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikusema. Miaka sitini na sita, na ulimi wa mtoto aliyevunja chungu.

Alhamisi, 14 Novemba

Ineza hayupo. Kitanda kimetandikwa. Juu yake, kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: "Bibi, usinitafute. Nimechoka kuangaliwa."

Nilikwenda ziwani kwanza. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli: sikwenda kwa rafiki zake wala kituo cha magari, nilikwenda ziwani, na nilitembea ukingoni nikitazama kila kitu cheusi kinachoelea. Gunia. Gogo. Ndala moja ya mtoto. Maji yalikuwa ya kahawia kwa mvua ya juzi. Mvuvi mmoja aliniuliza nimepoteza nini, nikashindwa kusema "mtu", nikasema "kitambaa".

Mariyamu alinikuta nimekaa kwenye matope. Alitoa simu na kuanza kuwapigia wanawake wa ndagala, mmoja baada ya mwingine, pwani yote kusini mpaka Kabonga na kaskazini mpaka Magara. "Musichana. Murefu. Ushungi mweusi. Hapana, si wangu. Ndiyo, iko kama wangu."

Mvua sikupima.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa tatu asubuhi simu ya Mariyamu ililia. Mwanamke wa Magara alikuwa anauliza kwa hasira kidogo: ni binti yake yupi huyo aliyekuja jana bila kusema jina, anayeanika ndagala kimya, hali chochote, na hataki kufungua uso hata kati ya wanawake tu? Ushungi uliomficha ndio uliomtaja.

Jamali aliomba lita mbili za petroli kwa mtu ambaye hakutaka kumtaja. Sijapanda pikipiki tangu nizaliwe. Nilifumba macho, nikamshika kiunoni.

"Nyogokuru, bibi yangu, usinibane hivyo, nitakosa pumzi," akapiga kelele kwenye upepo. "Agnesi akituona, leo ni mimi na wewe ndio tunaoana!"

Magara palikuwa na jua kali. Wanawake walikuwa wametandaza ndagala juu ya mchanga na vichanja vya wavu, wakimeta kama fedha mpaka mbali. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameinama, anageuza samaki kwa viganja, polepole, kama anayefuta ubao.

"Umekuja kwa pikipiki, Bibi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

"Nimekuja. Mgongo nimeuacha njiani, Minago."

Hakucheka. Tulikaa nyuma ya kichanja, pasipo na watu. Nilifungua leso yangu na kuweka kibano kwenye kiganja chake. Chuma kimelika, kimekuwa chembamba kama unyasi.

"Cha nini?"

"Cha kidevu changu. Ninacho tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Jana na leo sikukitumia. Tazama."

Alinisogelea. Akainua mkono, akanigusa hapa, chini ya mdomo, kwa ncha ya kidole chenye magamba ya samaki. Hakuna mtu aliyewahi kunigusa hapo.

"Kila asubuhi unafunga mlango," akasema. "Unasali."

"Nilikuwa nasali pia."

"Uongo."

"Kidogo."

Akakigeuza kibano kiganjani. Kisha sauti yake ikawa ya yule mtoto wa miaka kumi na mitano. "Nilikuuliza wewe kwanza. Kabla ya mtu yeyote. Ukaniambia ni kiburi."

"Nilisema."

"Nikaamini. Nikasema basi, Mungu amenipa ndevu kwa sababu najipenda sana. Nikaacha kujipenda, Bibi. Nimejitahidi sana. Na bado zinaota."

Nina maneno mengi. Nimesoma kila kitabu kilichofika Ulyankulu. Nikasema tu, "Nisamehe. Niliogopa ukiziona zako utaziona zangu."

Alilia, uso wote ndani ya ushungi. Baadaye, akitazama maji, aliniambia kwamba jana alipofika aliingia ziwani na nguo zake. Akaonyesha kifua: mpaka hapa. Wanawake wasiomjua wakamwita kutoka mchangani. "Wewe wa ushungi! Kuja utusaidie kuanua, mvua inakuja!" Akatoka, akaanua.

Mimi nimepima mvua miaka yote hii bila kujua kwamba siku moja ingenitolea mtoto majini.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua kidole kimoja. Tumekwenda kwa Chanceline, muuguzi wa kituo cha afya. Alimsikiliza Ineza nusu saa bila kuandika kitu, kisha akamwuliza kama angependa kufungua ushungi, na akangoja. Ineza akaufungua. Makovu, chunusi, vinyweleo vinavyorudi. Chanceline alimtazama kama mtu anavyomtazama mtu.

Ninaandika alivyosema, kwa uangalifu. Mwili wa mwanamke una homoni chache za aina ya mwanaume. Kwa baadhi ya wanawake zinazidi. Mayai hayakomai kama inavyotakiwa, damu inakawia, nywele zinaota usoni, uzito unapanda hata kwa anayekula kidogo. Wako wengi, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Lazima apimwe damu na kupigwa picha ya tumbo Bujumbura ndipo daktari athibitishe. Dawa zipo, huenda polepole, nywele zilizokwisha kuota hazidondoki kwa mwezi mmoja. Kuzaa kunawezekana, wengine huhitaji msaada. Vidonge vya sokoni, kamwe.

"Na huzuni," akasema, "si kitu cha pembeni. Ni sehemu ya ugonjwa. Tunaitibu pia. Ukirudi kufikiria maji, unakuja hapa siku hiyohiyo, hata bila miadi. Sawa?"

"Sawa," Ineza akasema.

"Inarithiwa?" nikauliza mimi.

Chanceline alitazama kidevu changu. "Mara nyingi iko katika ukoo, Mwalimu. Lakini huwezi kuomba radhi kwa damu."

Nikafikiri: kwa damu, hapana. Kwa kunyamaza, ndiyo.

Jumapili, 1 Desemba

Kibano kiko kabatini tangu Magara. Ndevu zangu zimefika urefu wa kuonekana: nyeupe, ngumu, kumi na tisa. Ineza amezihesabu. Yeye bado anavaa ushungi akitoka nje, ndani ameuacha. Nimekwenda kanisani peke yangu, nimeinamisha kichwa njia nzima. Sasa najua anatembeaje.

Jumatano, 11 Desemba

Bujumbura, kwa gari la mizigo la samaki. Daktari amethibitisha. Ameanza dawa.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku mbaya. Hakutoka kitandani. Nilikaa mlangoni na daftari langu. Alikunywa uji saa kumi. Mvua vidole vitatu.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Agnesi alinikamata mlangoni mwa kanisa, mbele ya nusu ya parokia, akanikazia macho.

"Mwalimu! Iko kitu hapa." Akaonyesha kidevu chake mwenyewe, kwa adabu.

"Najua. Iko miaka hamsini."

"Yesu! Na hautoi?"

"Nilikuwa natoa. Nimepumzika."

Akapiga ishara ya msalaba. Nyuma yangu nilisikia mtu anacheka puani. Ineza alikuwa amekuja, amechelewa, amesimama kwenye manyunyu, ushungi umeshuka mabegani kama mtandio. Hakuimba na kwaya. Aliimba karibu nami, sauti ya pili, chini.

Jumatatu, 6 Januari

Shule imefunguliwa na mkuu amempokea. Aliondoka bila ushungi. Ameuweka ndani ya mkoba. Nilishinda nikifagia ua ambao ulikuwa safi. Saa saba akaingia, akavua viatu.

"Waliniuliza."

Nikaegemeza ufagio ukutani. "Nani?"

"Yuleyule. Akasema, Madamu, zile ndevu ziko wapi? Nikamwambia, ziko hapahapa. Hata bibi yangu iko nazo, nyeupe. Fungueni daftari, ukurasa wa kumi na mbili."

"Wakacheka?"

"Wawili. Wengine wanataka kukuona wewe."

Jumanne, 7 Januari

Ushungi, mpaka mdomoni. Sikuuliza.

Jumatano, 8 Januari

Bila ushungi. Mvua vidole viwili.

Alhamisi, 9 Januari

Ushungi. Lakini amekula, na akaongeza.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekumbuka jambo. Mwaka wa nne wa ndoa, Wenceslaus alirudi kutoka Tabora kuuza tumbaku, akaniletea kioo cha mstatili chenye fremu ya mbao. Hakusema cha nini. Akakitundika mwenyewe chumbani, pembeni mwa dirisha, kwa urefu wangu kamili, akatoka nje na kukaa huko nusu saa. Nilidhani ni zawadi tu. Nimekibeba mpaka Burundi nikidhani ni zawadi tu, kumbe alijua.

Leo mchana nimekitoa chumbani. Ineza alinishikia misumari. Tumekitundika sebuleni, ambako dirisha ni pana na mwanga unatosha watu wawili.